Barua kwa mwanangu: mkono huu utaukabidhi kwa nani

Masasi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya jana niliipokea, marahaba. Simu ilikatika kabla sijamaliza, na hata isingekatika najua ungeniitikia "sawa Mama" huku unamhudumia mteja. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani nikaandika. Dada yako atazipiga picha karatasi hizi azitume kwenye simu yako usiku huu huu. Zisome zote kabla ya Jumamosi, kabla hujalaza mkono wako juu ya meza ya mtu.

Wiki tatu zilizopita bodaboda ilikuangusha, ukajikinga kwa kiganja cha kulia. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, ukapewa dawa za maumivu na bandeji, ukarudi Kariakoo kufungua simu za watu. Juzi picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye kimfupa cha kifundo cha mkono, na mwenye kliniki ya jirani akasema atakutia skrubu Jumamosi, kwa bei nafuu kuliko kwingine, mradi ulipe nusu kabla ya Ijumaa. Skrubu haikunitisha, nimeona watu wengi wakipona nayo. Nilishtuka nilipokuuliza huyo daktari ni nani, ukanijibu, "Ni wa mifupa, kila mtu mtaani anamjua."

Sikiliza baba. Miaka 26 nimevaa sare nyeupe, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa wodi ya mifupa. Mfupa wa paja na mfupa wa kifundo cha mkono vyote huitwa mfupa, lakini anayeujua mmoja si lazima aujue mwingine.

Nyoosha kidole gumba chako cha kushoto, ukivute nyuma. Chini yake kinajitokeza kishimo kati ya kano mbili. Ndipo babu yako alipokuwa akiweka ugoro kabla ya kuuvuta, wewe ukakaa pembeni ukipiga chafya pamoja naye. Chini ya kishimo hicho umelala mfupa unaoitwa skafoidi. Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na 8 kati yake imebanana pale kifundoni. Huo ni mmoja wao. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mtumbwi. Wagiriki wangekuwa na mikorosho wangeuita korosho, maana kwa umbo na kwa ukubwa ni korosho iliyobanguliwa.

Tabu yake ni damu. Sehemu kubwa ya damu inayoulisha huingilia upande wa vidoleni, kisha inarudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Ukipasuka katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa chakula na kufa kimya kimya, na wewe unaendelea na kazi ukidhani ni mteguko. Miaka ikipita kifundo kizima kinalika, na mtu wa miaka arobaini anashindwa kukamua nguo. Halafu ufa wenyewe una tabia ya kujificha kwenye picha za siku za mwanzo. Ajuaye mkono, akibonyeza pale penye ugoro na wewe ukaruka, hakuachi uende zako eti kwa kuwa picha ni safi. Anakufunga plasta ngumu ya kutuliza mfupa, anakuambia urudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe picha nyingine, au anakutafutia siti skani, ile picha inayoona ndani zaidi ya eksirei. Aliyekuona mara ya kwanza aliamini picha. Huyu wa pili je, alikubonyeza? Alikulinganishia mkono huu na ule mwingine? Alikuuliza unafanya kazi gani, na kama unavuta sigara? (Unavuta, najua, na sigara inachelewesha mfupa kuunga. Hilo tutaliongea tukionana.) Kama alitazama simu yenye picha akataja bei, basi hakuutazama mkono wako.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa darasa la kwanza au la pili. Usiku mmoja kwenye zamu yangu aliletwa kijana aliyejikata kiganjani kwa panga akisafisha shamba la mikorosho. Jeraha lilikuwa fupi, damu si nyingi. Aliyekuwa zamu alisafisha vizuri, akashona ngozi nyuzi tano zilizonyooka kama za cherehani. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia yule kijana, "Kunja kidole kimoja kimoja nione." Baada ya wiki sita akarudi, kidole cha pete na kidole cha mwisho vimenyooka, havikunjiki. Kano zilikuwa zimekatika chini ya ngozi tuliyoishona kwa ustadi. Na kano ikikatika, ncha zake hurudi nyuma kama mpira wa manati. Ikifikiwa ndani ya siku chache, bingwa huzikutanisha ncha akazishona. Ikiachwa wiki nyingi, mara nyingi inabidi kuchukua kano ya mahali pengine na kuipandikiza, tena kwa kulazwa mara mbili. Yule kijana hakuwa na nauli ya mara moja, sembuse mbili. Nilimwona sokoni mwaka juzi, ameshakuwa mtu mzima, amebeba kikapu kwa vidole vitatu. Alinisalimia kwa heshima. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Aliyemshona alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wengi. Hakujua tu mahali ujuzi wake unapoishia, na mimi sikujua kumuuliza. Kwa hiyo wewe uliza.

Anza na jina lake kamili na cheo chake. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Tabibu, yule mwenye stashahada na si shahada, tunamwita daktari, daktari wa kawaida tunamwita daktari, bingwa naye daktari. Wote wana kazi yao na wote nimefanya nao kazi kwa upendo. Vituo vyetu vingi vingefungwa bila matabibu. Lakini bingwa wa mifupa alimaliza shahada ya udaktari ya miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya uangalizi, kisha akarudi kusomea ubingwa wa mifupa kwa miaka mingine mitatu hadi mitano kutegemea njia aliyopitia. Wapo waliopitia chuo kikuu kama Muhimbili. Wapo waliopitia chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Juu ya ubingwa huo kuna wanaoongeza mafunzo ya mkono tu, na hao nchini kwetu ni wachache. Baadhi hawakutokea kwenye mifupa kabisa, walitokea kwenye upasuaji wa kurekebisha maumbile, kwa hiyo usishangae ukielekezwa kwa bingwa wa namna hiyo. Wote lazima wawe wamesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na wawe na leseni hai. Mpe binamu yako jina la huyo wa jirani, aulizie Baraza kama ni bingwa na wa nini. Kuulizia si kumvunjia mtu heshima. Mwenye ubingwa wake hachukii kuulizwa. Nilifanya kazi na bingwa aliyetundika vyeti vyake pale pale mgonjwa anapokaa akisubiri.

Vyeti vikishathibitika, kaa naye uso kwa uso. Muulize, mfupa huu wa skafoidi mwaka uliopita ameufanyia upasuaji mara ngapi kwa mikono yake. Muulize wale ambao haukuunga aliwafanyaje. Akikwambia kwake wote wamepona, inuka uondoke, kwa sababu mfupa huu humshinda hata bingwa mkubwa mara moja moja, na asiyekumbuka aliyemshinda ama amefanya wachache mno ama hawafuatilii. Muulize atakayeshika kisu ni yeye mwenyewe au mwanafunzi. Hospitali za kufundishia, mwanafunzi wa ubingwa akifanya huku bosi wake amesimama pembeni, usiogope, ndivyo wote walivyojifunza. Ila ujue mapema. Muulize nani atakupa dawa ya kulala au ya ganzi. Muulize kama chumba chake cha upasuaji kina ile mashine ya eksirei inayomwonyesha mfupa papo hapo akiwa kazini, maana skrubu ya kuingia ndani ya korosho haiingizwi kwa kubahatisha. Ikizidi milimita chache itakuwa inakwaruza kiungo kila ukigeuza bisibisi.

Na swali ambalo nalipenda kuliko yote: "Daktari, nisipofanyiwa upasuaji, itakuwaje?"

Uliponisomea majibu ya picha kwenye simu nilisikia ufa uko katikati ya mfupa na vipande havijaachana. Mimi ni muuguzi mstaafu, sikuamulii. Lakini nimeona ufa wa namna hiyo ukiunga vizuri ndani ya plasta, kwa wiki 8 hadi 12, bila kisu. Vipande vikiwa vimeachana, au ufa ukiwa kwenye ncha ya nyuma, hapo mabingwa wengi hupendelea skrubu. Huenda wako unahitaji upasuaji kweli, labda siti skani itaonyesha kitu ambacho picha ya kawaida haikukionyesha. Ninachotaka ni mtu wa kukaa na kukueleza njia zote mbili, faida na hasara ya kila moja, akijua kuwa riziki yako inatoka kwenye vidole hivyo. Huyo wa jirani alikutajia plasta hata mara moja?

Mjomba wako atakupigia, kwa sababu ameshanipigia mimi. Anataka upelekwe kwa mkandaji wake wa kule kijijini. Mwitikie kwa adabu, usiende. Simdharau mzee yule. Lakini nilipokea wodini mtoto wa miaka tisa aliyefungwa vijiti na kamba, mkono ukavimba ndani ya vifungo, damu ikazuiwa. Siku ya tatu vidole vilikuwa baridi na mtoto ameacha kulia, maana hakuwa na hisia tena. Mkono ukapona umekunjamana kama ukucha wa mwewe. Hii itakuhusu hata ukifungwa plasta ya hospitali: ukiona vidole vinakufa ganzi, vinageuka rangi, au maumivu yanazidi kila ukivinyoosha, usisubiri asubuhi. Rudi usiku huo huo, plasta ipasuliwe.

Sasa pa kwenda. Hapo Dar es Salaam una Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 kwa ajili ya mambo haya haya. Ungekuwa Moshi ningesema hospitali ya KCMC, ungekuwa Mwanza ningesema hospitali ya Bugando. Nenda na barua ya rufaa kutoka kituo chako ili bima isikusumbue, fika alfajiri, na ukifika dirishani sema kwa kutamka vizuri kwamba unataka kliniki inayoona mikono. Foleni ni ndefu, ndiyo. Najua kliniki ya jirani inakuita Jumamosi na pale utaambiwa tarehe ya mbele. Ndiyo maana kesho Jumatatu, kabla ya mengine yote, mkono ufungwe plasta na mtu anayestahili. Hapo utakuwa unasubiri huku mfupa umetulia. Kungoja huku unafungua simu ndiko kutakakokuumiza.

Nilimpenda daktari mmoja kuliko wote niliofanya nao kazi. Alikuwa fundi kweli wa mapaja na nyonga. Siku moja aliletewa mwalimu wa kike mwenye kifundo cha mkono kama chako. Alimpima, akatazama picha muda mrefu, akavuta kiti akamwambia, "Mama, hii ningeweza kuijaribu. Lakini yupo anayeifanya kila wiki, nitakuandikia barua umwone yeye." Akaandika ukurasa mzima kwa mkono wake, akampigia simu huyo mwenzake pale pale. Ndugu wa mgonjwa walinung'unika koridoni kwamba daktari hajui kazi. Mimi nilikuwa nasukuma toroli ya dawa, nikasimama. Nilijua siku ile kwamba nikiumwa mimi, au mkiumwa ninyi, nitampelekea yeye kwanza, atuambie tuende kwa nani. Amestaafu sasa. Namba yake ninayo na jana usiku nilimpigia. Amenipa majina mawili, nitakutumia kwa ujumbe, siyaandiki hapa.

Jambo la mwisho ni mazoezi. Ukitoka kwenye plasta au kwenye upasuaji kifundo kitakuwa kigumu kama mlango uliofura kwa mvua. Uliza mapema kama wana mtaalamu wa fiziotherapia wa mikono na utamwona lini. Bingwa anayekwambia "utazoea tu" amekuacha nusu ya safari.

Nusu ya malipo usilipe. Kama umeshalipa, usirudi kwenye meza yake kwa sababu ya pesa uliyotanguliza, tutaitafuta nyingine. Nimeuza gunia la korosho nililoliweka kwa ajili ya bati, na bati litasubiri msimu ujao. Alhamisi nitapanda basi la alfajiri, nitafika jioni. Uwe na picha zote mbili za eksirei, ya kwanza na ya pili, usiseme ile ya kwanza haina maana kwa kuwa haikuonyesha kitu. Bingwa atataka kuziweka pamoja. Na kuanzia leo funga duka, au mwachie bisibisi yule kijana unayemfundisha.

Mimi mama yako,
ninayekuombea.