Mgeni wa katuni apewe jembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotucheka sisi watu wazima tunaopiga kelele shujaa wa katuni moja anapojitokeza ndani ya katuni nyingine. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda, mtaa wa Sofia. Usiku ni mpira wa Uingereza na filamu za Kihindi. Jumamosi asubuhi ni ya watoto, shilingi 500 kila mmoja, na anayekuja na mdogo wake mgongoni namtoza yeye tu. Kampala vijei, yaani wale wanaosimulia filamu kwa maikrofoni, hutafsiri kwa Kiluganda. Kwangu wanaketi Msamia, Mteso, Mjaluo, Mgisu na mtoto wa dereva wa lori aliyekwama mpakani, kwa hiyo nashika maikrofoni natafsiri kwa Kiswahili. Shujaa ni mimi, adui ni mimi, bibi anayelia dirishani ni mimi. Mtu akisema katuni ni upuuzi wa kitoto, namwomba akae mahali pangu asubuhi moja.

Zogo lenyewe lilitokea mwaka 2024, sehemu za mwisho za X-Men '97 zilipofika huku. Mpenzi wa katuni anajua kwamba huo ni mwendelezo wa msururu wa X-Men, kundi la mashujaa wenye nguvu za ajabu, ulioonyeshwa kati ya 1992 na 1997. Basi katikati ya vurugu za mwisho, dunia ikiwa karibu kuangamia, anaonekana Peter Parker, yaani Spider-Man, shujaa buibui wa msururu mwingine, amesimama kwenye umati, na mpenzi wake Mary Jane yuko ubavuni pake. Hapigani na mtu. Picha inapita, hadithi inaendelea. Kibandani kwangu baba mmoja wa bodaboda, aliyekuja kwa kisingizio cha kumleta mwanawe, aliruka juu ya benchi akapiga ukelele mpaka muuza rolex, chapati ya mayai, wa nje akaacha chapati kwenye moto akaingia kutazama. Mwalimu jirani yangu akaniuliza, "Dada, huyu mtu amepatwa na nini? Si picha tu imepita?"

Mwalimu, nilikujibu kwa haraka siku ile kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kutafsiri. Jibu kamili ni hili. Msururu wa Spider-Man ulioanza 1994 ulikoma Januari 1998. Ulikoma vibaya. Mary Jane alikuwa amepotea, na tukamwona Peter akiondoka pamoja na Madame Web, bibi mwenye uwezo wa ajabu, kwenda kumtafuta. Mwisho. Hakuna aliyetuambia kama alimpata. Watoto waliobaki na swali hilo wamekua, wameoa, wamenunua pikipiki kwa mkopo. Baada ya miaka 26, ndani ya hadithi ya watu wengine kabisa, Peter anaonekana na Mary Jane yuko naye. Hakuna anayeeleza neno. Aliyengoja anaelewa kwamba amempata. Baba yule alikuwa anapokea habari alizozingoja tangu utotoni, nawe ulitaka akae kimya?

Hata hivyo sitetei kila kelele. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katuni ya dakika ishirini haina siku ya tatu, kwa hiyo mgeni apewe jembe akiwa bado mlangoni. Mimi hupima hivi: mtoe mgeni kwenye hadithi, kisha utazame kama kuna kitu kimepungua. Kama hakijapungua, aliletwa kama bango la tangazo. Wageni wa namna hiyo ni wengi siku hizi, na nawatambua kwa masikio. Watoto wanapiga kelele ya jina, "Yule! Yule!", halafu wananyamaza, na Jumamosi inayofuata hakuna anayemtaja. Peter na Mary Jane walikaa muda mfupi kuliko wengi wao, lakini walikuja na kazi. Captain America, shujaa mwenye ngao, naye alipita katika X-Men '97 hiyohiyo. Alitaka kumtuliza Rogue, mwanamke wa kundi la X-Men aliyekuwa na uchungu wa kufiwa, na Rogue akaitwaa ngao yake akaivurumisha juu ya mlima. Watoto walicheka, mimi nikaona jinsi mama wa watu alivyoumia. Hiyo nayo ni kazi.

Lakini kama unataka kujua ugeni wa katuni ulivyo ukifanywa sawasawa, acha hao wakubwa, tafuta Static Shock. Ilionyeshwa kuanzia 2000 hadi 2004. Static ni kijana mweusi wa sekondari, Virgil Hawkins, anayetumia umeme, na alitoka kwenye vitabu vya katuni vya Milestone, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 na waandishi na wachoraji weusi wa Marekani, akiwemo marehemu Dwayne McDuffie. Hapa Sofia hahitaji kutambulishwa. Umeme ukikatika katikati ya hadithi, kibanda kizima kinamwita kwa jina.

Mwaka 2002 Batman alifika katika mji wa Static akimfukuza adui yake, Joker. Watengenezaji wangeweza kumwachia Batman kila kitu, maana ndiye mwenye jina kubwa. Hawakufanya hivyo. Joker alikuwa amekuja kuwakusanya vijana wenye nguvu za ajabu wa mji ule, na anayewajua vijana wale ni Static, si Batman. Mgeni akalazimika kumsikiliza mwenyeji mdogo. Superman alikuja baadaye, na Green Lantern, na timu nzima ya Justice League, wote wakakuta kazi inawangoja.

Ninayoipenda zaidi ni ile ya 2003, ambapo mwenyeji mwenyewe aligeuka mgeni. Virgil anasafiri na baba yake na dada yake hadi Ghana. Huko anakuta shujaa wa mji, Anansi, na adui wake Osebo, yule chui. Kuna mahali Virgil anasema jinsi anavyojisikia mwepesi huko, kwa kuwa kwa mara ya kwanza hakuna anayeiona rangi yake kwanza. Nilitafsiri vizuri tu. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Anti, kwani kwao wanamwangaliaje?" Jambo ambalo katika hadithi ni zito kupita yote, kwa watoto wa Busia lilikuwa halina maana mpaka lielezwe. Nilisimamisha picha. Tukazungumza mpaka baadhi ya wavulana wakaanza kudai pesa zao.

Kisha wakamrudia Anansi. Wengine walidhani ameigwa kutoka kwa Spider-Man, kwa vile anapanda kuta. Nikawaambia wahesabu vizuri. Spider-Man alitokea Agosti 1962, miezi miwili kabla ya Uhuru wetu, ni rika la Uganda huru. Anansi, buibui mjanja wa hadithi za Waakan wa Ghana, alikuwa akisimuliwa kabla babu wa babu zao hawajazaliwa, na waliochukuliwa utumwani walivuka naye bahari hadi Jamaica, ambako anasimuliwa mpaka leo. Huyu wa Ghana ndiye mkubwa. Hapo kelele zilizotoka, Mhariri, hazikuwa za jina. Hawakuwa wamewahi kumsikia.

Sasa nije kwa watu wetu. Uganda haina uhaba wa mikono. Raymond Malinga na wenzake wa Kampala wana filamu yao fupi ya wachunga ng'ombe, Herderboy, katika mkusanyiko wa Kizazi Moto ulioingia katika huduma ya filamu za mtandaoni ya Disney+ Julai 2023. Nimeionyesha, na watoto wa Kiteso walikaa wima kwa sababu ya ng'ombe. Lakini kila ninapowasikia wachoraji wetu wakihojiwa redioni kuhusu hadithi za kale, wanasema wanangoja pesa za kutengeneza filamu kubwa. Kwa nini wangoje? Wachukue msururu wowote wa katuni walio nao, hata ule wa kufundisha kunawa mikono, wamlete shujaa wa kale kama mgeni wa sehemu moja. Ni mchoro wa mtu mmoja mpya, sauti moja na hadithi ya dakika ishirini. Watu wakimpenda, arudi. Wasipompenda, hasara ni ndogo.

Na wa kuanza naye yupo, tena hadithi yake tangu mwanzo ni ya mgeni. Namsema Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda. Kabaka Nakibinge, mfalme wa Buganda, alikuwa amebanwa vitani na Wanyoro, akatuma watu visiwa vya Ssese kwa Mukasa, mungu wa ziwa, kuomba msaada. Mukasa akamtuma ndugu yake, Kibuuka, aliyekuwa na uwezo wa kuruka. Vita vikianza anapaa, anajificha ndani ya wingu, anawamiminia adui mishale kutoka juu, nao wanatazama huku na huku hawaoni anayewapiga. Alipewa na masharti: adui wasijue anakojificha, na asijihusishe na wanawake wa Kinyoro. Akamchukua mateka mmoja nyumbani kwake. Mwanamke yule akaijua siri ya wingu, akatoroka, akawaambia watu wake. Vita vilivyofuata wapiga mishale wa Bunyoro walilenga wingu. Kibuuka alijeruhiwa, akaanguka juu ya mti huko Mbaale ya Mawokota, si Mbale yetu ya mashariki, akafa. Vitu vyake vitakatifu vilifika hadi jumba la makumbusho la Cambridge, Uingereza, vikarudishwa nchini mwaka 1962, na vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uganda pale Kampala.

Anaruka, ana maficho, ana masharti, ana udhaifu uliomuua. Wamarekani hulipa watu mishahara wabuni kitu kama hicho.

Najua litakalosemwa. Wapo wanaomheshimu Kibuuka kwa dhati hadi leo, na hawa waulizwe kwanza, si baada ya picha kutoka. Tena hadithi hiyo ikichorwa kama ilivyo, mtoto wa Hoima, kwa Wanyoro, ataketi kwenye benchi akitazama babu zake wakipigwa mishale, na mwanamke wa kwao akiitwa msaliti. Mimi kwa upande wangu namwona yule mwanamke kuwa ndiye mwerevu kuliko wote katika hadithi nzima. Alikuwa mateka, akaokoa jeshi lake bila silaha. Mwandishi mzuri angemleta naye kama mgeni, aseme upande wake. Au tumwache Kibuuka aje leo, wingu lake lisimame juu ya Busia, na kazi atakayokuta iwe nyingine kabisa. Mafuriko yapo. Wezi wa watoto wapo. Vijana wa Kampala ni wabunifu kunizidi, hilo nawaachia.

Ninachowaomba ni matatu tu. Wasimpitishe nyuma ya picha sekunde mbili ili watu wapige kelele ya jina, ampe mwenyeji kitu ambacho mwenyeji hana. Waweke sauti ya Kiswahili, maana koo langu linachoka. Na Kibuuka asife katika sehemu ya kwanza, kwa sababu watoto wa hapa watadai shilingi 500 zao, na nitakayedaiwa ni mimi.

Mwenye kibanda cha video,
Sofia, Busia, Uganda