Tusiwacheke wanaochangia mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo likitajwa barazani watu huangua kicheko: kutoa fedha kwa ajili ya mbwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Muheza. Kila mwezi pensheni ikiingia, natuma kwa simu kiasi kidogo kwenye kituo kinachookota mbwa waliotupwa, kuwatibu, kuwachanja na kuwahasi. Wenzangu wa kikundi cha vicoba walipojua, waliniuliza kwa mshangao: watu wenye shida wamekwisha hata umfikirie mbwa? Ni swali la haki. Nataka kulijibu hadharani, maana najua wako wengi wanaotamani kutoa na wanaogopa maneno ya watu.

Nianze na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona. Karibu wote wanaougua wameumwa na mbwa, kwa hiyo anayetaka kumkinga mtoto aanzie kwa mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Fedha za sindano za mtu mmoja aliyeumwa, ukijumlisha na nauli ya kurudi hospitali tena na tena, zingechanja mbwa wengi wa kitongoji chake. Mzazi aliyewahi kuuza mbuzi kwa ajili ya sindano hizo ananielewa. (Na aliyeumwa leo asisubiri: aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali.)

Mfano tunao jirani. Kisiwani Pemba, ng'ambo tu ya bahari yetu ya Tanga, mbwa walichanjwa na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena. Wakachanja upya, na kufikia 2018 kikawa kimeondoka. Kwa sababu hiyo nasisitiza mchango mdogo wa kila mwezi kuliko mkubwa wa mara moja. Mbwa wetu hawaishi miaka mingi, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa baada ya siku ya chanjo hana kinga, na ndiye watoto wetu wanayembeba kifuani.

Siku hiyo ya chanjo mimi huenda kusaidia kuandika kadi. Natamani wanaocheka wangekuja wakakaa nami chini ya ule mwembe asubuhi moja tu. Wanaoleta mbwa ni watoto, tena wengine wametembea mbali, mbwa amefungwa kamba ya mkonge, na kwa kuwa maisha yake yote hajawahi kufungwa, analala chini anakataa kusogea. Wengine wanakuja ndani ya toroli. Vitoto vinaletwa kwenye kiroba, vichwa vimechungulia nje. Nauliza jina la mbwa niandike: Simba, Popi, Tomi. Binti mmoja alifikiri sana akaniambia wake hana jina, nimwandike Mbwa wa Babu, na nikamwandika hivyo hivyo. Alikuwa jike mwembamba anayelinda mahindi yao dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Mtaalamu alivuta ngozi ya shingo, akachoma, akamaliza, na yule binti muda wote amemshika masikio anamnong'oneza. Kwetu chanjo yenyewe huja kupitia serikali. Barafu ya kuitunzia, mafuta ya pikipiki, kipaza sauti cha kutangaza na hizo kadi ninazoandika hutokana na wafadhili. Kikikosekana kimoja, watoto wanarudi na mbwa wao bila sindano.

Nimewahi kuishi katika mji ambao njia yao ilikuwa nyingine. Usiku nyama yenye sumu ilitupwa mitaani, na asubuhi tulikuta mizoga mitaroni hadi karibu na lango la shule, wakiwemo mbwa waliokwisha kuchanjwa. Wanafunzi wangu wa darasa la nne walipita hapo. Hata kwa hesabu kavu lilikuwa kosa: ukiua mbwa mwenye kinga, mwenyewe anachukua mwingine asiye na kinga, kwa kuwa shamba bado linataka mlinzi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Mashirika kama Mbwa wa Africa, walioko Usa River karibu na Arusha, wanaokoa mbwa na kuwahasi ili vitoto visivyo na wa kuvilea vipungue, na hiyo ndiyo njia ninayoiunga mkono.

Kwa Waislamu wenzangu nina neno la ziada, maana huku pwani hoja ya najisi ndiyo hutolewa kwanza. Mate ya mbwa katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, na namna ya kujitoharisha tumefundishwa tangu chuoni. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kumpiga mawe. Tulichofundishwa ni hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda amekiuma kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu kwa wanyama, Mtume alijibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna malipo. Zaka ina wenyewe waliotajwa, hiyo siigusi. Nasema sadaka, ambayo mlango wake ni mpana.

Lakini tutoe kwa macho. Mitandaoni picha ya mbwa aliyevunjika mguu huzunguka kwa majina na namba tofauti, na fedha zinaishia mfukoni mwa tapeli. Uliza kama shirika limesajiliwa, omba risiti, uliza wamehasi na kuchanja mbwa wangapi na wapi. Ukiweza, nenda ukaone mabanda: yana maji? Yana kivuli? Wanaofanya kazi kweli hufurahi kutembelewa.

Ombi langu kwako Mhariri: Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tafadhali wiki hiyo tuchapishie viwanja na tarehe za chanjo za kila wilaya, pamoja na majina ya mashirika yaliyosajiliwa, ili anayetaka kuchangia ajue pa kuanzia. Na walio Muheza wenye mablanketi makuukuu au masufuria wasiyoyatumia, wayalete nyumbani kwangu. Wanafunzi wangu wa zamani wote wanapajua. Kituo kinayahitaji kabla ya mvua za masika, na nauli ya kuyafikisha nitalipa mimi.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga