Barua ya malalamiko: magari ya Pongwe yafike Bombo

Meneja wa Uendeshaji,
Kampuni ya Daladala,
Tanga.

YAH: KUKATISHA RUTI NGAMIANI NA MAHALI PA KUSHUSHIA ABIRIA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Pongwe na abiria wa magari yenu. Kwenye vioo mmeandika Pongwe–Raskazone kupitia Bombo. Asubuhi maandishi hayo ni kweli. Ikifika saa tano hivi yanageuka pambo: gari likiingia Ngamiani konda anagonga bodi, "Mwisho wa gari, tushuke jamani!", nauli nzima keshaikusanya, na suka anageuza kurudi alikotoka.

Sasa angalieni anayeshushwa saa hizo ni nani. Mchana ndio wakati wa kuwapelekea wagonjwa chakula. Juzi nilishuka pamoja na bibi mmoja, hotipoti kwenye kikapu, chupa ya uji kaikumbatia. Akamuuliza konda, "Mwanangu, si mmeandika Bombo?" Akajibiwa, "Bibi, chukua boda, ni hapo tu." Hapo tu! Mji wetu una reli katikati tangu Wajerumani walipoanza kuijenga mwaka 1893: Ngamiani upande wa huku, posta, bandari na Bombo, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, upande wa kule. Ukimshusha mtu wa Bombo Ngamiani umemwachia avuke reli na mji kwa miguu, au atoe nauli nyingine kwa safari aliyokwisha kuilipia kwenu. Wanafunzi ndio kabisa, mwenye shilingi 200 ya nauli mkononi hana ya boda.

Vijana wenu siwalaumu sana. Ukikaa kiti cha mbele watakueleza wenyewe: tajiri mwenye gari anataka hesabu ileile ya siku, yaani fedha za kumpelekea jioni, gari liwe limefika Raskazone au limeishia Ngamiani. Mchana abiria wa Raskazone ni wa kuhesabu, na mafuta hayapungui bei kwa sababu viti ni vitupu. Dereva mwenye hesabu ya kupeleka jioni atageuza pale penye watu, ungekuwa wewe ungegeuza. Kwa hiyo kukatisha ruti kunaanzia ofisini kwenu, kwenye daftari la hesabu. Leseni ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inataja njia ya gari mwanzo hadi mwisho, na kukatisha ni kosa. Trafiki akilikamata gari, anayesimama kujieleza ni dereva.

Ninachoomba hakihitaji gari jipya hata moja. Magari yote yafike Bombo kutwa nzima. Raskazone yaende asubuhi na jioni, wakati wa wafanyakazi na wanafunzi, na kibao cha kioo kibadilishwe mchana kisomeke Pongwe–Bombo, ili mtu ajue kabla hajapanda. Najua watu wa Raskazone hawatanipenda kwa hili, lakini heri gari linalosema linaishia wapi kuliko linaloahidi ufukweni Raskazone na kukumwaga sokoni Ngamiani. Kisha hesabu ya saa za mchana ipunguzwe. Bila hilo la hesabu, mengine yote ni maneno.

Kuhusu vituo. Hapo Ngamiani magari yenu hushusha kabla ya njia panda, ubavuni mwa mtaro. Bajaji na baiskeli zinabanwa nyuma, na anayeshuka anachagua kati ya mtaro na pikipiki inayopita kushoto. Yasogee yavuke njia panda, yasimame mbele yake. Njia inabaki wazi, na mwenye kuvuka barabara anavukia nyuma ya gari, anaona na anaonekana.

Kange, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani, ni aibu nyingine. Mtu kateremka basi la Dar au Arusha usiku, ana begi na mtoto mgongoni, na daladala zenu haziingii stendi. Zinasimama kule barabara kuu. Tunaambiwa ni kukwepa ushuru wa getini. Wapangaji wa usafiri wa mijini huchukua mita 400, kama dakika tano za kutembea, kuwa umbali wa kawaida kufikia kituo, na wanamfikiria mtu mikono mitupu, mchana. Ingieni ndani, hata kama ni magari ya jioni peke yake.

Hatuombi mwendokasi kama wa Dar. Tunaomba gari lifike lilikoandikwa.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya mwezi huu, na nakala yake ibandikwe ndani ya magari, maana wanaoshushwa Ngamiani ni wengi na hawataandika barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria, Pongwe.

Nakala: LATRA, Ofisi ya Mkoa, Tanga.