Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Nyufa Zetu Hazikuletwa na Tetemeko

Mheshimiwa Diwani,

YAH: NYUFA ZA NYUMBA ZA KANDO YA MTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika mkutano wa mtaa wa Jumapili iliyopita ulitueleza kwamba nyufa za nyumba zetu zimeletwa na tetemeko la ardhi, kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, na kwamba tuvute subira. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na kwa heshima zote naomba kuyapinga maelezo hayo hadharani, kwa kuwa hadharani ndiko yalikotolewa.

Tetemeko ambalo wengi wetu hapa Dar es Salaam tunalikumbuka ni la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, ambalo kitovu chake kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa jiji, na ukubwa wake ulikaribia 6. Watu walishuka maghorofani mbio, mimi mwenyewe nikatoka nje na kandambili za mke wangu. Lakini miamba inapokatika huko chini, mtikisiko husambaa pande zote, na ukishasafiri mbali kiasi kile hauwezi kuchagua safu moja tu ya nyumba na kuziacha za ng'ambo ya barabara. Nyufa zetu zote zimefuata ukingo, zimeachama kuelekea mtoni, na zilianza masika ya mwaka huu.

Naomba utazame nguzo ya daraja. Nilipohamia hapa, kitako chake cha zege kilikuwa kimefukiwa na mchanga, na watoto walikuwa wakicheza mpira juu yake. Leo kitako hicho kinaning'inia, nami nikisimama chini yake mtoni kinanifika kifuani. Ardhi haikuinuka, Mheshimiwa. Ni mto ulioshuka.

Mchanga ule ulikuwa mwamba wa vilimani, ambao jua, mvua na mizizi viliumega polepole kwa maelfu ya miaka. Mmomonyoko ulianza pale maji yalipoubeba na kuuteremsha hadi kwetu. Mto una hesabu yake: ukipokea mchanga mwingi huutua, na ukinyang'anywa hujilipa kwa kuchimba sakafu na kingo zake. Kwenye kona iliyo chini ya daraja malori hupakia mchanga kila alfajiri, na shimo linaloachwa halibaki pale. Maji yanayoporomokea humo hukata mdomo wake wa juu, mdomo unarudi nyuma kila mafuriko, na hivyo shimo linapanda mto hadi miguuni mwa kuta za watu. Ukingo ukishakosa mguu huteleza, na nyumba iliyo juu yake hupasuka.

Huko mwisho wa safari nako kuna deni, kwa sababu ufukwe hulishwa na mito. Kunduchi bahari imekuwa ikila pwani kwa miongo mingi, na uchimbaji wa mchanga mitoni umetajwa mara nyingi miongoni mwa sababu zake.

Nimesikia kuna mpango wa kutuwekea gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe ili kushikilia ukingo. Tunashukuru, ila gabioni zikiwekwa huku malori yakiendelea kupakia, maji yatazichimba kwa chini na zitalala mtoni. Kwanza uchimbaji usimamishwe, na wala hahitajiki mtu kutunga sheria mpya: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vijana wenye masepetu sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Wenye malori ndio wa kuulizwa. Pili, taarifa itakayopelekwa kwenye kamati ya maafa isiandikwe "tetemeko", kwa maana ikishaandikwa hivyo hakuna atakayeutazama mto tena.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa bado yanapakia, nitakuwa darajani na kamba ya kupimia. Karibu tupime pamoja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa kando ya mto