Kabla ya kuagiza dungu la milioni, wanunulieni vijana mikanda

Ndugu Mhariri,

Mimi ni traka. Nimefuata nyayo za wanyama katika vitalu vya uwindaji vya Maswa, Rungwa, Longido na Simanjiro tangu ujana wangu, na wakati huu ambao si wa msimu naishi nyumbani Ngaramtoni. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madungu mepesi ya kupandia miti, yale ambayo wageni wetu kutoka Marekani wamekuwa wakija nayo. Nasikia baadhi ya kampuni za uwindaji hapa Arusha zinapiga hesabu ya kuyaagiza ziyaweke kambini. Nimeyabeba, nimeyapanda, na nimeyaona yakishindwa. Kabla pesa haijatumwa, sisi tunaoyabeba tusikilizwe.

Kwa ambao hawajaliona, dungu hili lina vipande viwili vya alumini. Cha juu ni kiti, cha chini ni pa kukanyagia, na kila kimoja kina kebo inayozungushwa kwenye shina. Ukikaa unavuta cha chini kwa miguu, ukisimama unanyanyua cha juu kwa mikono, na hivyo unapanda kama kiwavi mpaka mita tano au sita. Uzito wako mwenyewe ndio unaobana kebo na meno ya fremu kwenye gome. Kwao wanalitumia kumvizia kulungu wa mkia mweupe katika misitu yenye miti iliyonyooka. Mtu anaingia porini peke yake alfajiri, anapanda bila kupigilia msumari hata mmoja, jioni anashuka nalo na kurudi nalo nyumbani mgongoni. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana na aliyekibuni alifikiri.

Tuje kwenye kilo na pesa, maana hapo ndipo wanaotaka kununua wanapoanzia. Nililolibeba mimi ni Summit Viper. Lina kilo 9 hivi, na mtengenezaji anasema lisipandwe na mtu ambaye uzito wake pamoja na vifaa vyake unazidi kilo 136. Yapo ya chuma ambayo bei yake iko chini lakini yanaumiza bega, na yapo mepesi zaidi ambayo kila kilo iliyopungua unailipia. La alumini, jipya, huko kwao ni kati ya dola 300 na 500. Dola 400 ni kama shilingi milioni moja, na hapo hujagusa usafiri, ushuru, wala VAT ya asilimia 18.

Ukiisikia kilo 9 unaona ni kidogo. Lakini mpagazi wa Kilimanjaro anapimiwa mzigo langoni na kikomo chake ni kilo 20, kwa hiyo dungu moja ni karibu nusu ya mzigo wa mtu ambaye kazi yake ni kubeba tu. Traka habebi dungu tu. Ana maji, panga, kamba, vijiti vya kulengea, mara nyingi na bunduki ya mgeni, na juu ya hayo anatakiwa macho yake yawe chini kwenye nyayo. Halafu umbo lake ni baya kuliko uzito wake. Fremu ni pana, inanasa kwenye kila mchongoma, na alumini ikigonga alumini mlio wake unakwenda mbali kwenye pori lililotulia. Nimewahi kulifunga kwa vipande vya mpira wa tairi kila kiungo ili linyamaze, na bado lilisema.

Kuna watakaosema faida yake ni kwamba linasafirishika. Kwa ndege gani? Ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Arusha kwenda maporini kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15, tena kwenye begi laini. Fremu ngumu ya dungu haikunjiki ikaingia humo. Kwa hiyo litapanda lori la kambi pamoja na mahema na mafuta, na likifika kitaluni litabebwa na Land Cruiser mpaka hatua mia chache kutoka kwenye chambo, yaani nyama anayotundikiwa chui mtini. Hapo kampuni itakuwa imelipa pesa nyingi kununua wepesi ambao gari ndilo linaufaidi.

Sasa miti. Dungu hili linataka shina lililonyooka, lisilo na matawi mpaka kule juu unakotaka kukaa, unene wake kama sentimita 20 hadi 50. Mgeni mmoja aliwahi kulijaribu kwenye mkaratusi uani kwa ofisi hapa mjini, akapanda na kushuka vizuri, watu wote wakashangilia. Kwenye mikaratusi, kwenye mipaini ya mashamba ya Meru, kwenye mgrevilea wa mpakani mwa shamba la kahawa, litapanda bila shida. Lakini chui hatundikiwi chambo kwenye mgrevilea. Mgunga mara nyingi unaanza matawi usawa wa kifua na una miiba. Mbuyu hakuna kebo itakayouzunguka. Mkuyu ni mnene, umepinda na una mabonde. Katika miombo utapata mninga ulionyooka hapa na pale, lakini utaupata pale ulipoota, na upepo haujali mti ulipoota. Sehemu ya kumsubiria chui inachaguliwa kwa upepo kwanza, halafu kwa jua la jioni lisikupige machoni, halafu kwa njia ya kuingia bila kuonekana. Mti ukipatikana hapo ni bahati. Mvumo nao shina lake limenyooka, lakini ni miaka mingi nimekaa machani, yaani jukwaa la kuvizia mnyama, bila kuona mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, akichagua mvumo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba wapiga hesabu hawajahesabu watu. Dungu lile ni la mtu mmoja. Uwindaji wa kitalii hapa kwetu mgeni hakai peke yake: yuko na mwindaji bingwa, na askari wa wanyamapori yuko kwenye msafara. Machani ya chui kwa kawaida ina watu wawili au watatu wanaopumua kwa zamu. Mwindaji bingwa lazima awe begani kwa mgeni, amnong'oneze kama huyu ni dume au jike, kwa sababu chui jike haruhusiwi kupigwa, na mgeni aliyemwona chui kwa mara ya kwanza katika mwanga wa magharibi hawezi kuamua hilo. Na akikosea shabaha, mwindaji bingwa ndiye atakayemalizia. Mkimtundika mgeni kwenye shina moja na mwindaji bingwa kwenye shina jingine mita kumi pembeni, nani atamnong'oneza nani? Madungu matatu ni kilo 27 na kama milioni tatu, na bado hamjapata mahali pa kukaa pamoja.

Nikiyasema haya watu hudhani nataka tuendelee kama zamani. Hapana. Ya zamani ndiyo yanayoniuma.

Chambo hakijitundiki, Mhariri. Paja la pundamilia au swala pala mzima anapandishwa na kijana aliyetangulia juu ya tawi, miguu mitupu, kamba begani, mita nne kutoka ardhini, akivuta waya kuzunguka tawi kwa mikono yote miwili. Hana kilichomshika. Machani nayo inajengwa kwa fito zilizokatwa asubuhi hiyo hiyo na kufungwa kwa mpira, na anayeijenga anasimama juu ya fito aliyoifunga dakika tano zilizopita. Msimu mmoja, katika kampuni ambayo sitaitaja, fito ilivunjika chini ya kijana niliyekuwa nikilala naye hema moja. Alianguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika. Alilala usiku mzima juu ya godoro nyuma ya pikapu akipelekwa barabarani, na kila shimo tulilisikia kutoka kwake. Mgeni wa kambi ile alikuwa na uanachama wa Flying Doctors, ambao ndege yao ya wagonjwa ingemfuata huko porini. Sijasema mgeni asiwe nao. Kijana yule leo ana banda la chipsi Kwa Mrombo na anatembea na fimbo, na hajafikisha miaka arobaini.

Kwa hiyo ninapoambiwa kampuni imetenga milioni na ushee kwa ajili ya usalama na urahisi wa kukaa juu ya mti, nauliza: wa nani?

Kwenye hayo madungu ya Wamarekani kuna kitu kimoja ambacho ningekiomba bila kusita, nacho ni mkanda. Chama chao cha watengenezaji kinataka kila dungu liuzwe pamoja na mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani. Zamani walikuwa wakijifunga kiunoni tu, na mtu akianguka mkanda unambana tumbo na kifua mpaka anakosa pumzi. Mkanda wa sasa unaungwa kwenye kamba inayoshuka kutoka juu ya mti mpaka ardhini, kwa fundo linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kung'ang'ania ukianguka. Mtu amefungwa tangu mguu wake wa kwanza unapoacha ardhi mpaka anaporudi chini. Na ule mkanda unakuja na kitanzi cha kukanyagia, kwa sababu mtu akining'inia bila kusogeza miguu damu inakwama huko chini, na ndani ya muda mfupi anaweza kuzimia na hata kufa akiwa hajapata jeraha lolote. Vijana wafundishwe hilo kabla ya kitu kingine, wafundishwe kumshusha mwenzao haraka.

Kwa bei ya dungu moja la alumini unapata mikanda mitatu au minne ya namna hiyo pamoja na kamba zake. Mmoja una uzito usiofika kilo mbili na unaingia kwenye begi laini la ndege bila ubishi. Haubagui mti: mgunga, mkuyu, mninga, popote penye tawi la kushika kamba. Nawasihi tu wasiende kuokota. Pale soko la Memorial, Moshi, nimeona kwenye marundo ya mitumba mikanda iliyoachwa na wapanda milima. Mwingi ni wa kiunoni na mapajani tu, wa kupandia miamba, na hujui umekaa juani miaka mingapi. Nailoni inaliwa na jua bila kuonyesha, na watengenezaji wengi wanasema mkanda utupwe baada ya miaka mitano hata kama unang'aa.

Kuhusu pa kukaa, fundi wa kuchomelea pale Unga Limited ametutengenezea ngazi ya skwea paipu, vipande vitatu vinavyochomekana, kila kimoja kinafungwa kwenye shina kwa mkanda wa kukazia mizigo ya lori. Rangi ni kijani isiyong'aa, miguu imevishwa mpira wa tairi. Jukwaa ni fremu ya chuma na mbao juu yake, linaegemea mti na miguu miwili inashuka chini, kwa hiyo hata mti uliopinda unafaa. Ni zito, silifichi hilo. Watu wawili wanalibeba na kupumzika njiani. Lakini linapanda gari, linakaa watu watatu, na likipinda linanyooshwa hapa hapa bila kusubiri kipuri kutoka Marekani. Kabla mtu hajalikanyaga tulilisimamisha nyuma ya karakana, tukapakia mifuko kumi ya saruji, kilo 500, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi fundi alipitia kila kiungo kwa nyundo. Sitapanda jukwaa la kuchomelea ambalo halijafanyiwa hivyo, na ningependa kijana yeyote akatae.

Dungu jepesi la kupandia lina wenyewe. Mpiga picha anayemfuata bundi kwenye mashamba ya mipaini, mtafiti anayefunga kamera juu ya mikaratusi, hao wanakwenda peke yao, miti yao imenyooka na gari liko mbali. Wanunue, pesa yao haitapotea. Na mgeni anayetaka kuja na lake aje nalo, tutambebea. Ninachopinga ni kampuni kutumia fungu la vifaa vya wafanyakazi kununua kitu cha mtu mmoja ambacho miti yetu inakikataa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Hatari za kazi yetu haziishii kwa simba na nyati, na tawi la mkuyu ni mahali pa kazi kama lilivyo jukwaa la ghorofa inayojengwa Sakina. Maofisa wa TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori, wanaokuja kambini kukagua leseni na nyara wakitupia jicho na mikanda pia, waajiri wataitafuta wenyewe.

Mimi nimeshamwambia mwajiri wangu kwamba msimu huu sitamtuma kijana yeyote juu ya mti bila mkanda, hata kama mgeni amebakiwa na jioni moja. Alinisikiliza, akaniuliza inauzwa wapi na inatakiwa mingapi. Nimemwandikia mitano: miwili ya watundika chambo, miwili ya wajenga machani, na mmoja wa akiba. Lori la kambi linapakiwa mwishoni mwa Juni.

Traka,
Ngaramtoni, Arusha