Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani Tanzania (FCC)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Ridhaa ya kupeana taarifa kati ya mamlaka za ushindani

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yenye biashara Kenya, Uganda na Tanzania inaponunuliwa, majalada hayaendi mahali pamoja. Kenya na Uganda wamo COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa hiyo muungano wa kampuni unaofikia viwango vyake hupelekwa kwenye tume yake ya ushindani, Lilongwe, Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo jalada jingine linakuja kwako. Tangu Novemba 2025 upo pia mlango wa tatu, EACCA, mamlaka ya ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pale Arusha. (Nani kati ya Arusha na Lilongwe ana mamlaka gani ni mjadala mwingine, na hautakwisha leo.)

Hati za makubaliano ya ushirikiano kati ya mamlaka hizi si haba. Kinachokwamisha ni siri za kibiashara: afisa wako hawezi kumwonyesha mwenzake wa mamlaka nyingine takwimu za mauzo bila ridhaa ya aliyezitoa. Basi wanaishia kuzungumza mambo ya jumla, kila mmoja akiwa na jedwali ambalo mwenzake hajaliona.

Chukua saruji. Kwenye jalada moja waombaji wanaweza kupima sehemu yao ya soko kwa tani za nchi nzima. Kwenye jingine kwa thamani ya mauzo, soko likiwa limetanuliwa hadi ng'ambo ya mpaka. Hesabu zote mbili zikawa za kweli, na zote zikaonyesha hakuna tatizo. Zikiwekwa meza moja ndipo inaonekana kwamba mnunuzi wa Moshi ana viwanda vichache vya kuchagua kuliko inavyodaiwa, maana mfuko wa kilo 50 hauhimili nauli ya mbali.

Tunaomba fomu ya ridhaa iwe sehemu ya maombi tangu siku ya kwanza. Ukurasa mmoja unatosha: utaje mamlaka kwa majina, utaje taarifa zinazohusika (mauzo, nyaraka za bodi, masharti ya kuruhusu muungano yanayopendekezwa), na useme wazi kwamba mawasiliano ya mteja na wakili wake hayamo. Wasaini wote wawili, mnunuzi na anayenunuliwa. Ridhaa ya mnunuzi peke yake haifungui vitabu vya anayenunuliwa.

Kuna na kalenda. Sheria inakupa siku 90 za kuchunguza muungano na nyongeza ya 30, lakini siku huanza kuhesabiwa jalada likishakamilika. Anayechelewesha jalada la Dar es Salaam anakuletea masharti yaliyokwisha kufungwa kwingine. Tuseme kumetolewa sharti la kuuza chapa. Alama za biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Chapa ikiuzwa Kenya huku usajili wa hapa ukibaki kwa mmiliki wa zamani, mnunuzi mpya hawezi kuvusha bidhaa zake Namanga kwa jina hilo alilolilipia.

Kwa hiyo majalada yote yawasilishwe ndani ya wiki moja, na rasimu ya masharti isomwe na maafisa wa kila mamlaka kabla haijasainiwa popote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wanasheria na wachumi wa masuala ya ushindani, Dar es Salaam