Salamu za Shukrani: Familia ya Marehemu Mzee Wetu, "Meya"

Bismillahi Rahmani Rahim. Familia ya marehemu mzee wetu, aliyekuwa diwani na meya wa mji wetu huu mdogo hapa Pwani ya Kenya, kisha mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa na akatwaa, na inawashukuru nyote mliotushika mkono tangu maradhi hadi khitma.

Kwa miezi kumi na minne mzee alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Usiku tusioweza kuusahau ni ule daktari alipotaka damu ipatikane kabla ya alfajiri, nasi watoto tumekwisha kupimwa na wengi wetu haikufaa, tumekaa kwenye benchi la nje hatuna la kusemezana. Ndipo wakaingia wavuvi kumi na mmoja, nguo zingali na chumvi, wakauliza, "Meya yuko wodi gani?" Cheo chenyewe kilifutika mwaka 2013, mabaraza ya miji yalipoondoka na kaunti 47 kuanza, lakini jina halikumtoka, na kwa damu ya watu wale tulikaa naye wiki sita zaidi, alhamdulillahi.

Mzee mwenyewe hakupenda kusifiwa. Kila alipoitwa Mstahiki alikumbusha kwamba umeya alipewa na madiwani wenzake, si na wapiga kura. Lakini waliomjua wanakumbuka alivyoshikilia kwamba mgao wa LATF, yaani fedha ambazo serikali kuu ilizigawia mabaraza, usomwe sokoni, shilingi kwa shilingi, wenye meza za samaki wakisikia. Katika makaratasi yake tumekuta stakabadhi ya kurudisha mkufu wa umeya, imekunjwa ndani ya cheti cha ndoa.

Shukrani za pekee zimwendee kijana wetu wa bodaboda, ambaye hakukosa hata siku moja kumpeleka na kumrudisha, mvua au jua, na akawa hapokei nauli. Zimwendee pia mheshimiwa aliyemshinda mzee katika uchaguzi wa Agosti 2017, aliyekuja kumsomea gazeti kila Ijumaa baada ya swala, na siku ya maziko akashuka kaburini pamoja na wanawe kumpokea.

Tunawashukuru maimamu na walioosha na kukafini, madaktari na wauguzi, waliokuwa madiwani na makarani wa baraza, wawakilishi wa wadi wa sasa na wa zamani, padri na waumini wake waliotuletea maji na viti, wazee wa mtaa, walimu wa madrasa, jamaa wa Mombasa, Lamu, Tanga na Muscat, na akina mama waliokesha kwenye sufuria za khitma.

Kwa wingi wenu hatuwezi kumtaja kila mmoja, na tunajua tumesahau wengine waliotenda makubwa kwa siri. Tunawaomba radhi sana, na yeyote anayemdai marehemu afike nyumbani kwetu tumlipe. Sufuria tatu, mikeka saba na mwavuli mmoja mweusi bado vinawangoja wenyewe barazani.